Eti pistoni haina mbele wala nyuma

Nianze na haki yao, maana hasira ikipanda nitaisahau. Gereji ni safi, bei yao ya oveholi, yaani kufumua injini na kuifunga upya, ilikuwa nafuu kuliko wote niliowauliza pale Dar, na Fuso langu nilikabidhiwa siku ileile waliyoahidi. Hilo kwa mafundi wetu ni muujiza. Silinda hedi waliyoitengeneza sina neno nayo mpaka leo. Kwa hayo ningewapa nyota tatu.

Sasa pistoni.

Siku ya kufunga nilikuwepo. Wako mezani wanapiga pini, wanaunganisha pistoni na konrodi, ule mkono unaoishikanisha na krenki, shafti kuu ya injini. Kuna dogo msaidizi, kashika pistoni ya nne, kaona mshale uliochorwa juu yake, akamwuliza mkubwa wake: "Fundi, huu mshale si uangalie mbele?" Mwenyewe hata hakugeuka. "Pistoni duara hiyo, haina mbele wala nyuma. Osha spea." Nikaingilia kwa adabu kabisa, nikasema labda tuangalie. Akanipandisha na kunishusha mpaka kwenye ndala: "Bosi, wewe katafute mzigo, injini tuachie wenyewe."

Duara kwa macho tu! Kwenye injini nyingi tundu la pini halikai katikati kabisa, limesogezwa upande mmoja kidogo ili pistoni isigongegonge ukuta wa silinda. Na kwenye injini yangu sketi ya pistoni, yaani ubavu wake wa chini, ina pengo chini, limekatwa makusudi, ili pistoni ikishuka mwisho ipishane na nozeli ndogo inayoirushia oili kuipoza. Ukiifunga kinyume, pengo linahamia upande wa pili na sketi inaikalia nozeli. Mtu akizungusha krenki kwa mkono kabla ya kufunga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, lazima aihisi inakwama. Hakuzungusha. Au alizungusha, ikakwama, akaongeza nguvu. Kwa yule bwana lolote linawezekana.

Gari ikatoka na kimlio. Nikaambiwa ringi mpya bado zinakaa, vumilia. Tukapakia saruji ya kupeleka Njombe. Kufika mlima Kitonga, kwenye zile kona za juu, kimlio kikawa nyundo, moshi wa bluu ukatanda, nguvu ikakata. Foleni nyuma yangu mpaka bondeni, makonda wa mabasi wanamtukana dereva na mimi niliyekaa pembeni yake.

Fundi wa Iringa aliposhusha sampu alicheka, halafu akaniomba radhi kwa kucheka. Nozeli ya silinda ya nne imepinda, oili inamwagika pembeni, sketi imetafunwa. Akafungua hedi: mishale mingine yote inaangalia mbele, mmoja unaangalia flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Namba za konrodi ziko upande wake sahihi, kwa hiyo kosa lilifanyika palepale mezani wakati wa kupiga pini, dogo akiwa ameshauliza. Pistoni imekosa oili ya kuipoza, mlima na mzigo vikaimalizia. Nilipitisha kucha kwenye laina, yaani ukuta wa silinda, ikanasa: umechanika.

Nyota tatu futeni. Moja, nayo ni ya dogo.

Ila niseme na hili: ringi walizipanga vizuri, midomo, pale ncha za ringi zinapoachana, haikukutana, herufi zimeangalia juu, hata fundi wa Iringa kawasifu. Kumbe kazi wanaijua wakitaka! Afadhali wangekuwa hawajui. Hiyo moja nayo naiondoa, dogo atanisamehe.

Nilipowapigia wale wa Dar, swali la kwanza: "Uliweka oili gani?" La pili: "Dereva wako si aliikaba mlimani?" Nikawatumia picha ya mshale. Tiki za bluu, kimya. Juzi fundi mkuu kanipigia, sauti ya upole sijawahi kuisikia kwake, eti atanirudishia hela ya ufundi wa pistoni moja. Moja! Na laina je? Na breki dauni ya kutoka Kitonga? Na mwenye saruji yake, anayenipigia kila asubuhi kabla sijapiga mswaki, yeye nimpe pistoni?