Kiboksi cha dawa cha wiki kwa mzee mwenye ugonjwa wa akili: kinunuliwe, lakini si kila kidonge kikae humo

Ukiulizia famasi kubwa za Mtwara mjini, Masasi au Lindi huenda ukaonyeshwa kiboksi cha plastiki chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya wiki. Wengi hukinunua kwa ajili ya mzee mwenye presha au sukari. Sisi tunakipima kwa mzee anayetibiwa sonona (unyonge mzito wa moyo usioondoka), skizofrenia (kusikia au kuona yasiyokuwepo) au baipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), na tunakipa alama nzuri kwa sababu moja kubwa: kinamwachia mzee dawa zake mkononi mwake. Mtu aliyelea watoto na kupalilia mikorosho miaka yote, leo anasimamiwa na mjukuu, "meza hapa nikuone", anajiona amekwisha. Unyonge wa namna hiyo unarudisha sonona haraka. Kiboksi kinaondoa ubishi. Chumba cha leo kikiwa kitupu, ameshameza, na hakuna haja ya kumhoji.

Vile vibahasha vya famasi vilivyoandikwa 1×2 havina uwezo huo. Vinasema dawa inyweweje, ila havisemi kama ya jana usiku ilimezwa. Mzee mwenye sonona husahausahau, na hapo ndipo wengine humeza mara mbili.

Nunua cha vyumba 14, chenye safu ya asubuhi na safu ya usiku, hasa kikiwa na picha ya jua na mwezi. Kile cha vyumba 28 kina maana kwa anayemeza mara tatu au nne kwa siku tu. Kwa wengine kinachanganya. Cha saba kinamfaa mwenye dozi moja, mathalani amitriptilini, dawa ya sonona, ya usiku peke yake. Herufi za Kiingereza zilizochapwa juu hazimsaidii mzee asiyeijua lugha hiyo, na hata ukiandika za Kiswahili siku tano zote zinaanza na J. Bandika plasta juu ya kila kifuniko uandike kwa kalamu ya wino usiofutika: 1 hadi 5 kwa Jumamosi hadi Jumatano, A kwa Alhamisi, I kwa Ijumaa.

Kabla ya kulipa, jaza vidonge vya mfano, funga, kisha kipindue na kukitikisa. Kifuniko kikiachia, rudisha. Halafu mpe mzee mwenyewe afungue. Haloperidoli, dawa ya skizofrenia, na nyingine za jamii yake huweza kuleta mikono kutetemeka na vidole kukakamaa, na kifuniko kigumu kitamshinda. Vile vya kubonyeza ni vizuri zaidi kuliko vya kukwangua kwa ukucha. Bawaba ndiyo inayokufa kwanza, kwa hiyo kagua plastiki ya nyuma isiwe nyembamba.

Udhaifu mkubwa wa kiboksi hiki uko kwenye unyevu, na pwani yetu unyevu haukosekani, masika ndiyo kabisa. Kabamazepini ikikaa kwenye unyevunyevu inaweza kupoteza theluthi ya nguvu yake au zaidi: kidonge kinakuwa kigumu, hakiyeyuki vizuri tumboni. Mgonjwa anameza kila siku, baipola au kifafa kinaamka, na nyumba nzima inamlaumu kwamba hanywi dawa. Sodiamu valproeti nayo hufyonza maji ya hewani mpaka inalainika na kunata. Hizi mbili zibaki kwenye pakiti zake za kiwandani, zimezwe zinapotolewa. Katika chumba cha siku husika weka punje kavu ya mahindi iwe alama: akimeza, anaitoa. Ila kwa mzee anayeweza kuidhania kidonge, tumia alama ya kalamu kwenye kalenda. Wala usitie ndani kile kimfuko kidogo cha kukausha hewa, kwa sababu hiyohiyo. Kiboksi chenyewe kikae chumba kikavu chenye kivuli, mbali na jiko na mbali na dirisha.

Kujaza ni kazi ya mara moja kwa wiki, mchana, penye mwanga, na mzee akiwepo. Mikono ikaushwe vizuri. Weka daftari la kliniki wazi mbele yenu na sahani nyeupe pembeni. Chukua dawa moja tu, igawe kwenye siku zote saba, hesabu, rudisha pakiti, ndipo uchukue nyingine. Anayejaza siku moja kwa dawa zote kwa pamoja ndiye anayekosea. Rangi zisiaminiwe, maana kiwanda kikibadilika kidonge kilekile huja na sura nyingine. Soma jina na miligramu kila mara. Fluoksetini, nayo ya sonona, ikae asubuhi kwa sababu inaweza kufukuza usingizi. Amitriptilini usiku kwa sababu inalewesha. Dawa ya goti iliyonunuliwa duka la dawa muhimu isitiwe humo bila kuuliza: diklofenaki inaweza kupandisha lithiamu (dawa ya baipola) mwilini mpaka iwe sumu, na Piriton juu ya amitriptilini humzidishia mzee usingizi, kukauka mdomo na kuchanganyikiwa.

Kama mzee anaweza, ajaze yeye na mwingine ahakiki. Dakika hizo zina faida kuliko plastiki yenyewe, kwa kuwa ndizo pekee katika wiki ambazo mtu ameketi naye bila haraka. Muulize usingizi ulikuwaje, chakula kinashuka, barazani alitoka? Sonona ya uzeeni mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na mgongo, kichwa kizito, kifua kubana, na babu kuacha bao alilokuwa halikosi. Watu wanasema ni uzee, na ugonjwa unaendelea.

Chumba kikikutwa na dawa, swali lisiwe "mbona hukumeza?" Afadhali: "Shikamoo babu, naona ya Jumanne imebaki, ilikusumbua nini?" Mara nyingi jibu lipo. Mkojo ulikuwa unagoma, choo kimekuwa kigumu, au alisimama usiku akapata kizunguzungu nusura aanguke. Hayo yote amitriptilini inaweza kuyaleta, na ni taarifa ya kupelekwa kliniki mapema. Mkojo ukigoma kabisa, ni siku hiyohiyo. Artane inayotolewa kwa ajili ya mitetemeko nayo inaweza kumvuruga mzee akili. Dozi iliyopitwa isirudishwe kwa kumeza mbili. Na dawa ya sonona huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonyesha kazi, kwa hiyo chumba kilichoachwa wiki ya kwanza kwa sababu "haisaidii" kinahitaji maelezo, hakihitaji ukali. Kumtilia dawa kwenye uji kwa siri ni kuvunja imani yake, na valproeti yenye ganda maalumu haifai kusagwa.

Kuna nyumba ambazo kiboksi kikae kwa mtu mwingine. Hakina kufuli, na vidonge vichache vya amitriptilini vinaweza kumuua mtoto mdogo. Penye wajukuu kiwe juu, wasipofika. Mzee anayesema amechoka kuishi asiachiwe hata akiba ya wiki nzima. Apewe ya siku, zilizobaki zitunzwe na mtu anayemwamini, dawa za kupulizia mikorosho zitolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Aliyekwisha kupotewa na siku na majira naye kiboksi hakimsaidii kitu mpaka awepo wa kumpa.

Ramadhani huvuruga mpangilio wote. Dozi ya asubuhi huhamia daku na ya usiku huhamia futari, lakini si kwa kila dawa. Anayetumia lithiamu akikosa maji mchana kutwa kwenye joto la pwani yuko hatarini. Mambo haya yaulizwe kliniki mwezi wa Shaabani, na daktari akisema asifunge, ruhusa ya mgonjwa ipo.

Sindano ya mwezi, wanayochomwa baadhi ya wagonjwa wa skizofrenia, haingii kwenye kiboksi, kwa hiyo tarehe yake iandikwe kwenye plasta upande wa chini. Hapohapo andika kanuni ya akiba: siku mnayojaza mkakuta pakiti zimebakiza wiki mbili, safari ya kliniki ipangwe. Kwa anayetoka Liwale masika, au Tandahimba na Newala msimu wa korosho kila mtu akiwa shambani, wiki moja haitoshi, hasa akifika na kuambiwa dawa imeisha. Kukatisha ghafla kabamazepini au valproeti kunaweza kuleta degedege kwa mwenye kifafa. Nendeni na daftari, kitambulisho cha mzee, na kiboksi chenyewe kama kilivyo, hata kama kina vyumba ambavyo havikumezwa. Muuguzi akiviona hivyo ataelewa kwa haraka zaidi kuliko maelezo ya mdomo.