Muffy wa kwenye Arthur: mashauzi ya misimu 25, anavumilika?

Haya, karibuni tena jamani. Leo mezani hamwoni simu, hamwoni spika, wala ile blenda mnayonidai tangu mwezi uliopita. Itakuja, msinichoke. Leo nachambua mtu. Yaani, mtu gani sasa, ni tumbili. Tumbili aliyevaa zambarau, kasukwa mikia miwili, kafungwa utepe, na shule analetwa na dereva.

Wanaomjua wameshaanza kucheka. Ndiyo, ni huyo huyo, Muffy Crosswire.

Kwa ambao hamjawahi kuitazama, Arthur ni katuni ya Marekani. PBS, televisheni ya umma ya huko, walianza kuirusha tarehe 7 Oktoba 1996, wakaiaga Februari 2022 ikiwa na misimu 25. Wahusika ni wanyama wanaoishi kama watu kwenye mji wa kubuni unaoitwa Elwood City. Arthur mwenyewe ni mhanga, yule mnyama anayefukua mchwa usiku, ingawa hapa ukimwangalia huwezi kujua. Kwenye kitabu cha kwanza cha Marc Brown, mwaka 1976, alikuwa na pua ndefu ya mhanga wa kweli, na kitabu kizima kilihusu jinsi alivyokuwa akiionea aibu. Kadiri vitabu vilivyoendelea, pua ikafupishwa, ikaisha. Buster ni sungura, Brain ni dubu, na Mwalimu Ratburn wa darasa la tatu ni panya mpenda keki anayegawa kazi za nyumbani bila huruma. Msiniulize kwa nini Arthur anafuga mbwa wakati Binky, mwanafunzi mwenzake, naye ni mbwa. Mpwa wangu wa miaka saba, ambaye ndiye niliyekuwa naitazama naye, aliniuliza. Nikajifanya naenda kuchukua maji.

Tuje kwa Muffy. Huyu ni mtoto wa kishua hasa. Baba yake, Ed Crosswire, anauza magari, kampuni inaitwa Crosswire Motors. Kwao ni jumba. Kuna Bailey, ambaye kazi yake ni udereva, lakini ukimfuatilia utaona ndiye mlezi, ndiye mshauri, na ndiye anayebeba kila kinachobebeka. Na tofauti na Arthur na pua yake, Muffy hajawahi kuwa na shaka hata dakika moja kwamba amependeza.

Nilichotaka kujua ni hiki: mtoto mwenye nyodo kiasi hiki unaweza kumvumilia kwa muda gani? Maana tumezoea. Katuni nyingi zikikuwekea mtoto tajiri anayejisikia, ujue kawekwa aje aanguke kwenye tope dakika ya mwisho, tucheke, tukalale. Muffy si wa namna hiyo, na ushahidi upo tangu siku ya kwanza kabisa.

Siku ile ya uzinduzi zilitoka hadithi mbili. Moja, Arthur anapata miwani. Ya pili ndiyo yetu. Ni siku ya kupigwa picha shuleni, na Muffy kaamua kwamba rafiki yake Francine lazima apendeze. Kaamua yeye, Francine hakuomba. Francine ni mtoto wa mpira, wa kukimbia, wa kurudi nyumbani na vumbi. Muffy anamshika, anamtengeneza nywele, anambadilisha mavazi, anamrudisha kwa wenzake. Sasa mwangalieni Francine baada ya hapo. Anatembea kama kabebeshwa yai kichwani. Wenzake wanacheza, yeye anatazama tu, kwa sababu akigusa mpira kazi yote ya Muffy imekwenda. Mwishoni mpira unazishinda nywele, zaidi ya hapo siwaharibii utamu.

Nilirudia hiyo episodi mara mbili, si kwa ajili ya Francine, kwa ajili ya Muffy. Ukimkagua huoni ubaya. Anaamini kabisa kwamba ametoa zawadi. Mtu mwenye majivuno ya kawaida anataka apendeze peke yake, nyinyi wengine mkae nyuma. Huyu anataka mpendeze wote, ila kwa kipimo chake, kwa kioo chake, na ikiwezekana mumshukuru. Ndiyo maana hachoshi haraka. Maringo yake yana mkono wa kutoa, tatizo ni kwamba mkono wenyewe haupigi hodi.

Halafu wanasema nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Sasa Francine naye ni tumbili! Waliochora sidhani kama waliwahi kuisikia methali yetu, lakini wametuchorea picha yake. Tumbili wawili, marafiki wa chanda na pete, mmoja anakaa kwenye jumba, mwingine kwenye fleti, analala chumba kimoja na dada yake Catherine, na baba yao anafanya kazi ya kuzoa taka. Na Muffy anaona kila kasoro ya maisha ya Francine. Ipo episodi ambayo inambidi ahamie kwao kwa muda. Mgeni kaingia fleti ya watu, anataka mambo yaende kama kwao kwenye jumba. Mpwa wangu alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka nusu, maana wageni wa hivyo nimewahi kuwapokea.

Ila kama una muda wa kutazama kitu kimoja tu cha Muffy, tafuta ile filamu ya Krismasi ya mwaka 2000, Arthur's Perfect Christmas. Muffy anaandaa sherehe, na sherehe ya Muffy mnajua si ya soda na biskuti. Francine anamwambia siku hiyo hataweza, familia yao ni Wayahudi na wana sherehe yao ya Hanukkah. Muffy anasikia udhuru. Kichwani mwake siku ile ina mwenyewe, na mwenyewe ni yeye, sasa mtu mwingine anapataje jambo la kufanya? Na Francine hapa halichukulii kama utani. Anakasirika kikwelikweli, kama rafiki anavyokasirika akigundua kwamba miaka yote hii mwenzake hakuwahi kuuliza kwao wanasherehekea nini. Baadaye Muffy anakwenda kuomba radhi. Kwa mtu aliyezoea kununua kila kitu, kuomba radhi ni kazi, na wametuonyesha hivyo.

Sasa niseme yasiyonipendeza, msije mkasema nimelipwa.

La kwanza, Muffy anasahau. Leo kajuta, kakumbatiana na wenzake, episodi ijayo yuko pale pale kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtoto halioni hilo, kwa sababu kwake kila episodi ni mpya. Mtu mzima ukitazama nne mfululizo unaanza kumwambia kwenye skrini, dada, si tulishazungumza? La pili, Bailey anamwokoa mno. Kuna mahali nilitamani gari lisije, atembee na wenzake. La tatu si kosa lake. Kuanzia msimu wa 16, mwaka 2012, studio ilibadilika na uchoraji ukahamia kwenye kompyuta kwa mtindo mwingine. Rangi zimekuwa safi, sawa, lakini viungo vinakakamaa, na kwa mhusika ambaye nusu ya vichekesho vyake iko kwenye madaha ya mwili, kuinua kidevu, kugeuka kwa mikogo, hiyo hasara inaonekana. Ukitaka Muffy mwenye ladha, anza na misimu ya mwanzo.

Sauti ndiyo haikuyumba. Arthur alibadilishiwa waigizaji mara nyingi, kwa sababu walimtafutia wavulana, na mvulana akibalehe sauti inakwenda zake. Muffy ni Melissa Altro, kuanzia 1996 hadi 2022, mtu mmoja tu. Sikiliza anavyolivuta neno la mwisho anapolalamika. Unaweza kuwa jikoni, huoni skrini, ukajua sasa hivi kuna mtu amemwambia hapana.

Na mwisho wake, jamani. Wanaochukia kuharibiwa ladha zibeni masikio kidogo. Episodi ya mwisho inaruka miaka 20 mbele, tunawaona watoto wamekuwa watu wazima. Arthur ni mwandishi wa hadithi za kuchora. Na Muffy? Anagombea umeya wa Elwood City. Niliruka kwenye kochi. Sasa angefanya nini kingine? Yule aliyeanza kwa kumchana rafiki yake nywele bila ruhusa leo anauomba mji mzima ruhusa ya kuutengeneza. Sijui kama ningempa kura yangu. Kwenye mdahalo ningekwenda kumsikiliza, hilo nakubali.

Kwa mtoto wa miaka mitano hadi minane mimi naipitisha. Kwa kawaida kila hadithi ni kama dakika 11, mbili kwa mkupuo, kwa hiyo ukisema "moja ya mwisho" inakuwa kweli ya mwisho. Kama mtoto Kiingereza bado, kaa naye umtafsirie, hasa maneno ya Muffy, maana ukikosa maneno utabaki na utepe tu. Muffy kama mhusika nampa 8 kwa 10. Moja nimemkata kwa kusahau, moja kwa ajili ya Bailey.

Mpwa wangu alimpa 10. Siku iliyofuata akataka asukwe mikia miwili, akataka utepe, ukapatikana, akauvaa. Tulipofika mlangoni akanigeukia, kidevu juu, akaninyooshea begi lake la shule.

"Bailey."

Nikalibeba. Haya, blenda wiki ijayo.