Madokezo yetu hayapandi basi tena

Mimi ni karani wa fedha katika kampuni ya usafirishaji hapa Mtwara mjini. Msimu wa korosho tunabeba magunia kutoka maghala ya Tandahimba, Newala na Masasi kuja bandarini. Msimu ukiisha tunabeba saruji na chochote kinacholipa. Mkurugenzi anakaa Dar. Ombi lolote la fedha lililozidi laki tano lilitaka sahihi yake ya wino, basi dokezo, yaani karatasi ya ombi, na viambatisho vyake vikaingia kwenye bahasha ya kaki, nikaipeleka stendi, kondakta akaikunja na kuichomeka juu ya dashibodi.

Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zikakata barabara ya kwenda Dar pale Somanga. Ombi la matairi likabaki upande wa huku, mwenye sahihi upande wa kule. Nikalipiga picha, nikamtumia WhatsApp, akajibu "sawa". Matairi yakanunuliwa. Baadaye mkaguzi akaja na swali dogo tu: hiyo "sawa" ni ya ombi lipi? Maana siku ile nilikuwa nimetuma picha tatu.

Ndipo tukaanza kutafuta mfumo wa idhini, yaani programu ya kuomba na kuidhinisha fedha. Mkurugenzi alisitasita, na alikuwa na hoja: wiki iliyofuata baada ya Hidaya nyaya za baharini nazo zilikatika, intaneti ikawa ya kuvizia. "Barabara imekatika, mtandao umekatika, mnataka nihamie wapi?" Mwishowe akakubali, tukaanza kabla ya msimu wa 2024/25. Jina la programu nitalihifadhi. Bei yake inahesabiwa kwa mwezi kwa kila mtumiaji, nasi tuko sita.

Inavyofanya kazi si jambo la ajabu. Dereva au mkuu wa karakana anajaza fomu kwenye simu, anaambatisha ankara, anatuma. Mimi nahakiki. Ikiwa ni chini ya laki tano inamwendea meneja wa tawi na kuishia hapo, ikizidi inapanda hadi kwa mkurugenzi. Anayerudisha ombi analazimika kuandika sababu, na kila hatua inabaki na jina, tarehe na saa. Bosi akisafiri anamteua kaimu ndani ya mfumo, kazi haisimami.

Shida ya kwanza ilikuwa kwa mzee wetu wa karakana. Vitufe vyote ni vya Kiingereza, na alikuwa akiishika simu kama yai. "Mwanangu, nikibonyeza hapa hela inatoka benki?" Hapana mzee wangu, hapa unaomba tu. Nikamwekea alama: kijani ni kutuma, chekundu ni kufuta. Kwa wiki mbili alibonyeza kijani halafu akanipigia simu kuuliza kama imefika. Sasa hivi ndiye anayejaza vizuri kuliko wote, hata namba ya gari hasahau.

Shida ya pili nilichelewa kuiona. Novemba, lori zinapishana barabarani, yakaanza kuja maombi ya 490,000. Spea 490,000 asubuhi, spea za gari lilelile 490,000 jioni. Watu walishajua mpaka uko wapi, wanaukata muwa vipande viwili ili usipande kwa bosi. Kwenye karatasi mchezo huo ulikuwepo pia, nina hakika, ila nani angekaa kupekua majalada? Kwenye mfumo nilipanga orodha kwa namba ya gari, yakajipanga yenyewe. Tuliwaomba wauzaji wa programu waongeze sharti linalojumlisha maombi ya gari moja ndani ya siku saba. Walilifanya, wakatutoza.

Sasa jambo lililoniuma. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia madereva, "karatasi yako iko Dar, mlaumu bosi." Baada ya miezi mitatu meneja akatoa ripoti ya muda ambao ombi hukaa kwa kila mtu. Mkurugenzi: saa chache, hata akiwa msibani anajibu. Meneja: siku moja. Mimi: siku tatu, mara nyingine nne. Nilikuwa bado na mazoea ya basi la Ijumaa, nakusanya maombi ya wiki nzima ndipo nayahakiki kwa mpigo. Basi lilishaondoka maishani mwetu, mimi bado nalisubiri stendi. Nilikaa kimya kwenye kikao kile.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote hakikuwemo hata kwenye matangazo ya wauzaji hao: risiti za EFD, zile za mashine ya kielektroniki ya kodi. Karatasi zile kwa joto la huku zinafutika, ukifungua jalada la mwaka juzi unakuta vipande vyeupe, na sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka mitano. Sasa marejesho ya masurufu, yaani hesabu ya fedha mtu aliyotangulizwa kwa kazi, hayapiti bila picha ya risiti iliyopigwa ingali inasomeka.

Karatasi haijaisha lakini. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua saini ya kielektroniki, ila benki yetu bado inataka barua yenye sahihi ya wino na muhuri kwa malipo makubwa. Kwa hiyo idhini inapatikana kwa dakika kumi, halafu barua inasubiri mwenye sahihi. Na vikumbusho! Viliwekwa kila baada ya saa moja, usiku kucha, mpaka mke wa meneja akalalamika. Hilo tulirekebisha wenyewe.

Mwezi uliopita mkataba uliisha, tumelipia mwaka mwingine. Ombi la malipo hayo lilipita humohumo kwenye mfumo. Kwangu lilikaa siku mbili.