Habu ya gia tatu kwenye ringi ya inchi 20

Wenzangu wa baiskeli ndogo, kabla ya kuhangaika na rangi ya ringi, angalieni habu, kile kitovu cha gurudumu. Tairi nene la inchi 20 huzunguka kama mara 630 kwa kilomita moja; la inchi 28 huzunguka kama mara 450. Safari ni ile ile, lakini gololi zilizomo ndani ya habu na koni, vile vyuma vinavyozibana, zinachapa kazi zaidi. Kwa chumvi ya Raskazone na mchanga wa Ngamiani hapa Tanga, habu mbovu haichelewi kulia.

Nyuma nimefunga habu ya Shimano ya gia tatu, ya mtumba kutoka Japani. Naipenda sana. Gia zote zimo tumboni mwa habu, hakuna vyuma vya kuvuta cheni vinavyoning'inia sentimita chache juu ya mchanga. Ya pili ni moja kwa moja, cheni ikizungusha habu mara moja gurudumu nalo linazunguka mara moja; ya kwanza inapunguza hadi 0.73, ya tatu inapandisha hadi 1.36. Mji wetu tambarare, ya pili inanitosha. Ya kwanza ni ya siku kusi inapovuma usoni na kwenye keria kuna ndoo ya samaki.

Shida ni kuisuka, yaani kuiunga na ringi kwa spoku. Sahani zake za pembeni, zinaposhikizwa spoku, ni pana, na spoku za ringi ndogo ni fupi. Ukipishanisha kila spoku na nyingine tatu kama kwenye inchi 28, spoku inafika kwenye ringi imelala na kupinda pale kwenye nipeli, ile nati ndogo ya kukazia spoku, na hapo ndipo itakapokatika. Fundi wangu alitaka kusuka alivyozoea. Nikamwomba ashikize spoku moja kwanza. Akauona ule mkunjo, akasema, “Haya mwalimu, hii tunapishanisha mara moja.” Ringi imekaa vizuri, haichezi. Hesabuni matundu pia: habu ya 36 inataka ringi ya 36.

Mbele, pimeni uma, ile miguu miwili inayoshika gurudumu. Brompton na Dahon nyingi zina nafasi ya milimita 74, habu ya kawaida ya 100 haiingii, na uma wa alumini hautanuliwi. Mimi nachagua habu nyembamba ya gololi, maana naifungua mwenyewe, naosha kwa mafuta ya taa, napaka grisi.

Ya mtumba, zungusha ekseli kwa vidole kabla hujalipa. Ikigotagota, koni zimeliwa. Iache hapo hapo.