Gundi ya ngozi kwa gitaa kavu la zamani: inafaa wapi, haifai wapi

Tunapima hapa gundi ya ngozi (inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama) ya chembechembe, aina ya gramu 192, kwa kazi tatu ambazo mafundi wa Kisumu na Nakuru huletewa kila mara kwenye magitaa ya zamani: daraja (kibao kinachoshikilia nyuzi usoni mwa gitaa) lililobanduka, mhimili wa ndani ulioachia, na shingo iliyovutwa mbele hadi nyuzi zikakaa juu kama kamba za kuanikia nguo. Jibu fupi ni alama 4 kati ya 5, kwa gitaa la mbao nzima lenye shingo iliyogundishwa. Kwa gitaa la plaiwudi lenye shingo ya bolti, usijisumbue nayo.

Hiyo 192 si uzito wa paketi. Ni kipimo cha ugumu wa gundi ikiganda: gramu ngapi zinahitajika kusukuma kifaa cha kupimia kizame milimita 4 ndani yake. Namba ikipanda, gundi huganda upesi zaidi. Baadhi ya mafundi wa gitaa wa ng'ambo hupenda ya 251, lakini hiyo humpa mtu muda mfupi mno, na kwa fundi anayefanya kazi peke yake, bila msaidizi wa kumshikia klempu (kibanio), 192 ni salama zaidi. Za namba ndogo, kama 135, waachie wanaobandika vinia (mbao nyembamba za kupamba) kwenye fanicha. Ukikosa paketi kabisa, jelatini tupu ya kuokea, isiyo na sukari, rangi wala ladha, ni kitu kilekile kilichosafishwa zaidi. Inashika daraja vizuri, ila kwa gramu inauma mfukoni. Mabondo ya mbuta nayo hutoa gundi, lakini kwa bei yanayouzwa kando ya ziwa, hakuna atakayeyachemsha kwa ajili ya gitaa.

Kupika ndiko kunakowashinda wengi. Pima kwa mizani, si kwa macho: gramu 30 za chembe kwa gramu 55 za maji baridi. Loweka saa moja mpaka chembe zivimbe na kunywa maji yote. Tia kwenye chupa ya jemu, chupa ikae ndani ya sufuria ya maji, moto uwe mdogo. Lengo ni digrii 60 hadi 63. Ikipita 70 nguvu yake inaanza kuvunjika, na ikishachemka ni ya kutupa hata kama kwa macho haina tofauti. Kipimajoto cha bei ya chini hudanganya, kwa hiyo kijaribu kwanza kwenye maji yanayochemka, lakini ukumbuke mwinuko: Kisumu, takriban mita 1,130 juu ya bahari, maji huchemka karibu digrii 96, na Nakuru, takriban mita 1,850, karibu digrii 94. Anayetarajia kuona 100 atarekebisha kipimo kisicho na kosa.

Gundi iliyo tayari hushuka kutoka kwenye brashi kama uzi mmoja usiokatika. Ikidondoka matone matone, maji yamezidi. Ikishuka kwa mabonge, ongeza maji ya moto kidogo kidogo. Usipikie kwenye kopo la chuma, kwa sababu chuma huacha doa jeusi kwenye mbao. Inayobaki hukaa wiki moja kwenye friji. Ikiota ukungu au ikianza kunuka kama mzoga badala ya kunuka kama ngozi, imwage.

Kwa nini usumbuke hivi wakati gundi nyeupe ya seremala iko kila duka la hadiwea? Kwa sababu ya uzito unaovuta. Seti ya nyuzi za chuma ya 12 hadi 53 (unene kwa sehemu za elfu za inchi) ikipigwa toni ya kawaida huvuta kwa takriban kilo 72, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Gundi nyeupe haivunjiki chini ya mzigo huo, inatambaa. Weka gitaa kwenye nyumba ya mabati isiyo na dari au kwenye buti ya gari saa nane mchana, na daraja huteleza mbele polepole. Ukiona mstari mwembamba wa mbao isiyo na vanishi nyuma ya daraja, ndiyo hiyo. Gundi ya ngozi ikikauka inakuwa ngumu kama kioo na haisogei. Adui yake ni joto likiungana na unyevu, na udhaifu huohuo ndio unaomwezesha fundi ajaye kuufungua mshono bila kuvunja mbao. Tena hujishika yenyewe: mabaki ya zamani yakilainishwa na maji ya moto, mapya huungana nayo. Gundi nyeupe mpya haishiki juu ya gundi nyeupe ya zamani, lazima ukwangue hadi mbao tupu. Epoksi ndiyo mbaya kuliko zote kwenye shingo. Fundi aliyeimwaga humo amemfungia mlango kila atakayekuja baada yake.

Sasa alama moja iliyopotea. Gundi hii haimsamehe mtu mzito wa mikono. Ikishapakwa, una kati ya sekunde 30 na 45 kabla haijaanza kuganda, na ikiganda kabla ya klempu kukaza, mshono umeharibika hata kama umefungika. Haijazi pengo pia: mbao zisipogusana sawasawa, hakuna kitu. Hapa Kisumu tuna bahati. Mchana wa digrii 30 chumbani, madirisha yamefungwa kuzuia upepo wa ziwani, muda unaongezeka. Asubuhi ya Nakuru, mbao zikiwa na ubaridi wa usiku, gundi huganda ikiwa bado kwenye brashi. Dawa ni kupasha mbao zenyewe kwa draya ya nywele hadi ziwe na joto ambalo mkono unavumilia, na kufanya mazoezi ya kufunga klempu mara tatu bila gundi. Asiyefanya mazoezi hayo ataona makosa yake baadaye, saa ambayo hawezi tena kuyarekebisha.

Kwenye daraja, kazi ni nyepesi. Pitisha karatasi nyembamba chini ya ukingo wa nyuma. Ikizama milimita 5 au zaidi, litoe lote badala ya kuchomeka gundi kwenye ufa. Pasha daraja peke yake, ingiza kisu cha puti kilichopashwa, fuata uelekeo wa nyuzi za mbao za uso. Kwangua mabaki, hakikisha hakuna vanishi chini ya eneo la mshono, paka pande zote mbili, kaza klempu tatu kupitia tundu la sauti, na ndani uweke kibao kinachokwepa mihimili. Saa 24 kwenye klempu, 48 kabla ya nyuzi. Mihimili ya ndani ni hivyohivyo, ila tabu yake ni kufika. Sindano nene ya kuchomea mifugo, ikipashwa kwenye maji ya moto, huingiza gundi mahali ambapo brashi haifiki.

Shingo ni habari nyingine, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea kwa kutojua ugonjwa. Kuna vitu viwili ambavyo watu huviita "shingo imepinda". Cha kwanza ni mkunjo wa shingo yenyewe, cha pili ni pembe ya shingo dhidi ya sanduku. Mkunjo hupimwa hivi: bana uzi freti ya 1 (freti ni vijiti vya chuma kwenye ubao wa vidole), bonyeza freti ya 14, angalia nafasi juu ya freti ya 7. Iwe kati ya milimita 0.1 na 0.3. Uzi wa kwanza wa seti ya 10 una unene wa milimita 0.25, kwa hiyo kipande chake ni kipimo kizuri cha bure. Nafasi ikizidi, kaza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo robo mzunguko, kulia, nyuzi zikiwa zimelegezwa, kisha pima tena kesho yake. Nati ikikataa, acha. Fimbo ikikatika, ubao wa vidole utalazimika kubanduliwa wote. Na kama gitaa ni la zamani kweli, huenda halina cha kukaza. Hata Martin, watengenezaji wa magitaa wa Marekani, hawakuweka fimbo ya kukazwa hadi 1985. Shingo ya namna hiyo hunyooshwa kwa joto na klempu, na mara nyingi hurudi, au kwa kubadilisha freti ziwe na mguu mnene kidogo unaosukuma ubao nyuma.

Pembe ni jambo jingine kabisa, na fimbo haiigusi. Laza rula ndefu iliyonyooka juu ya freti, nyuzi zikiwa zimekazwa. Ncha ifike usawa wa juu ya daraja. Ikigonga mbele ya daraja milimita 3 chini, unaweza kujidanganya kwa kusaga mfupa unaobeba nyuzi, milimita 2 za mfupa kwa kila milimita 1 unayotaka kushusha kwenye freti ya 12, lakini mfupa ukibaki chini ya milimita 3 juu ya daraja, sauti hufifia. Hapo shingo itoke.

Ng'oa freti ya 15, toboa matundu mawili ya milimita 2 ndani ya mfuo wake hadi kwenye kiungo. Legeza ulimi wa ubao wa vidole kwa pasi ya nguo iliyowekwa juu ya bati, dakika 5 hadi 10. Kisha peleka mvuke kwa bomba la mpira lililofungwa sindano ya kujazia mpira wa miguu. Gundi ya ngozi ya kiwandani huachia ndani ya dakika 3 hadi 5. Ukipita 10 bila dalili, simama, kuna mtu aliyetangulia na gundi nyingine. Futa maji kila mara. Vanishi ikipata mvuke hugeuka nyeupe kama maziwa. Shingo ikitoka, iache ikauke wiki nzima. Anayeirudisha baada ya siku mbili anapima mbao zilizovimba.

Kiasi cha kupunguza kwenye kisigino (mguu wa shingo unaoegemea sanduku) hakikisiwi. Gitaa la urefu wa nyuzi wa milimita 645, lenye shingo inayokutana na sanduku kwenye freti ya 14, lina takriban milimita 287 kutoka hapo hadi daraja. Kisigino kikiwa na urefu wa milimita 90, na rula ikihitaji kupanda milimita 3, hesabu ni 3 mara 90 gawa kwa 287: karibu milimita 0.94 chini ya kisigino, sifuri juu. Haizidi unene wa kadi ya benki yenye milimita 0.76 ila kidogo tu. Toa mbao za ndani kwa patasi, bakiza kingo, kisha vuta msasa wa 180 kati ya kisigino na sanduku mpaka kingo zikae. Kiungo sasa kitalegea, kwa hiyo bandika vipande vyembamba vya mahogani kwenye mashavu yake mpaka shingo ishike kavu, bila gundi, ukilinyanyua gitaa zima kwa shingo. Ikishika hivyo, gundi ya ngozi ni muhuri tu. Isiposhika, hakuna gundi itakayoiokoa. Ubao wa vidole nao utaning'inia juu ya uso, na utahitaji kabari nyembamba chini yake, la sivyo freti za mwisho zitainama.

Je, ni lazima? Si kila mara. Mpigaji wa omutibo, ule mtindo wa dole gumba na kidole cha shahada aliousambaza mwanamuziki George Mukabi kutoka Magharibi mwa Kenya, hukaa zaidi freti za karibu na kichwa. Nyuzi kukaa milimita 3 juu ya freti ya 12 hakumzuii, na kuchonga vizuri mifuo ya kijiti cha juu, kinachobeba nyuzi karibu na kichwa, humsaidia kuliko shingo mpya. Vivyo hivyo gitaa la Gallotone Champion, lile la Afrika Kusini lililouzwa kwa ahadi kwamba halitapasuka: thamani yake ni ya kumbukumbu, si ya mbao, na gharama ya kutoa shingo kwa kawaida hupita bei yake. Weka nyuzi nyepesi za 10 hadi 47, zinazovuta takriban kilo 60, na uliache hivyo.

Neno kuhusu gundi ya ngozi ya chupa, ile ya maji isiyohitaji kupikwa. Imewekewa kemikali kama urea ili isigande, na kemikali hiyo huifanya ipende unyevu. Kwa masika ya Kisumu hatuipendekezi kwenye daraja wala shingo. Kwa ufa wa mgongo, chini ya viraka vidogo vya mbao vilivyolazwa kukatiza mkondo wa nyuzi za mbao, inatosha, mradi tarehe iliyochapwa chupani haijapita. Ikiwa imepita, paka tone kwenye karatasi usiku; asubuhi likinata kidoleni badala ya kukatika kama kucha, rudisha dukani.