Darasa la rumba Nsambya na sonona yangu: uzoefu wangu

Kwa watu wazima wenzangu mlioko Kampala na upweke umewakaba, hili darasa la rumba la jioni kwenye ukumbi mmoja kule Nsambya nalipendekeza kwa moyo wote, shilingi elfu kumi kwa jioni, kasoro zipo na nitazisema.

Mi kwetu Mwanza, huku nilikuja kikazi. Kiganda sikijui, ofisini ni Kiingereza cha kazi tu, nikifunga mlango wa chumba ndo basi sisemi na mtu hadi kesho. Sonona ikaja polepole, usingizi ukakata, chakula hakipandi, hadi simu za mama nikawa naziangalia tu zinaita. Nikaenda Butabika, hospitali ya afya ya akili ya hapa Kampala, nikaanzishiwa dawa, na daktari akanisisitiza nitafute mazoezi ya kufanya na watu, akanitajia uchambuzi uliotoka kwenye jarida la kitabibu la BMJ mwaka 2024, tafiti 218 zimejumlishwa pamoja, na dansi ilionekana kupunguza sonona vizuri sana ila akanambia ukweli kwamba tafiti za dansi humo zilikuwa chache, kwa hiyo dawa nisiache. Sijaacha.

Sasa darasani. Nsambya Wakongo ni wengi na mwalimu ni wa huko huko, Kiswahili kinapanda, hilo tu lilinipa nguvu. Rumba inaanza taratibu, mmeshikana, mnahesabu hatua, halafu gita likichangamka sebene inaingia mnaachiana kila mtu anakata kiuno chake. Kila wimbo unabadilisha mwenzi, hiyo ndo sheria, na mi naona dawa yenyewe iko hapo maana hakuna wa kubaki kwenye kiti. Mzee mmoja alinishika akasikia nilivyokakamaa akanambia, "Binti yangu, legeza mkono, hapa hakuna mtihani." Jamani nililia pale pale huku nacheza na yeye akaendelea kuhesabu tu, moja mbili tatu, wala hakuniuliza kitu. Miezi yote ile aliyekuwa ananigusa ni konda wa teksi, daladala za huku, akinisogeza tukae wanne. Halafu kichwa kikiwa kinahesabu hatua kinakosa nafasi ya kusaga yale mawazo, angalau kwa hiyo saa na nusu, na usiku wa siku za darasa nalala.

Siku mbaya bado zipo, sitadanganya mtu. Ila mama sasa hivi nampigia mwenyewe.

Kasoro: ratiba inabadilishwa WhatsApp dakika za mwisho, na kwa mtu aliyejikusanya kutwa nzima ili atoke kitandani akute geti limefungwa hiyo inaumiza kweli, waliangalie. Spika ziko juu mno. Na pale hakuna aliyesomea mambo ya afya ya akili, kwa hiyo kama unawaza kujidhuru nenda hospitali leo leo, rumba itakusubiri.

Usiogope kwenda bila mwenzi, wageni wanapangwa na wazoefu. Vaa viatu vya soli inayoteleza, raba zinang'ang'ania ile sakafu ya saruji na magoti yanauma, na darasa likiisha wamama huwa wanaondoka kwa kundi hadi stejini, nenda nao.