TAHADHARI: "Mchanga wa gundi" wa kujazia pevingi unaouzwa Dar es Salaam

Ninawatahadharisha wote wanaotandika pevingi (tofali za kutandaza chini) uani msimu huu, hususan wakazi wa Bunju, Boko na Mbweni, kuhusu muuzaji anayetangaza mtandaoni kile anachokiita "mchanga wa gundi kutoka Ulaya". Mimi nilinunua mifuko 20 ya kilo 20 kwa sh 45,000 kila mmoja, yaani sh 900,000 kwa jumla, na nilicholetewa ni mchanga wa baharini uliochanganywa na saruji kidogo. Jina lake silitaji kwa sababu malalamiko yangu bado yanashughulikiwa, lakini namna anavyofanya kazi nitaieleza yote.

Mchanga wa gundi upo kweli, na ndiyo maana ni rahisi kudanganyika. Ni mchanga mkavu uliochanganywa na polima, ambayo ikinyunyiziwa maji hushikanisha chembe ili mvua isizioshe na sisimizi wasizichimbue. Tofali lazima ziwe kavu kabisa, mchanga hufagiliwa kwenye nafasi zilizo kati yake, mashine ya kushindilia hupitishwa, nafasi hujazwa tena, na vumbi lote la juu huondolewa kabla maji hayajanyunyizwa kama manyunyu. Fundi wangu alifanya hayo yote mwezi Septemba, tena kwa uangalifu, nami nilikuwa nimesimama pale.

Wiki mbili baadaye pevingi nyekundu zilikuwa na utando mweupe, na mvua za kwanza za vuli ziliposhuka, mchanga ulitoka kwenye nafasi na kukusanyika getini. Nilipompigia simu, muuzaji alijibu upesi mno, kama mtu aliyezoea swali hilo, kwamba fundi hakufagia vumbi vizuri. Nakiri kwamba hata mchanga halisi huacha weupe usipofagiwa, na tofali zenyewe huweza kutoa chumvi yake, kwa hiyo kwa siku kadhaa nilimlaumu fundi ambaye hakuwa na kosa.

Ukweli niliupata kwenye mifuko 10 iliyobaki. Niliweka konzi mbili za mchanga kwenye chupa ya maji safi, nikatikisa, nikauacha utulie usiku kucha, kisha nikaonja maji yale kwa ncha ya ulimi: yalikuwa ya chumvi. Nilipoumwaga kwenye sinia nyeusi niliona vipande vya makombe kwa macho, na nilipoukamulia ndimu ulitoa povu, ilhali mchanga wa mto Mpiji niliouchukua kwa jirani haukutoa povu lolote. Mwisho nililowesha konzi moja ndani ya kikombe na kuiacha ikauke siku mbili. Ilisagika kwa kidole gumba. Majaribio haya hayagharimu chochote, nami ningeyafanya kwa mfuko mmoja kabla ya kulipia 20 kama ningekuwa na akili ya sasa.

Idadi yenyewe ya mifuko ilikuwa sehemu ya ulaghai. Ua wangu una mita za mraba 40, na muuzaji aliniambia kila mfuko hutosha mita za mraba 2 tu. Kwa tofali za sentimita 20 kwa 10 zenye unene wa milimita 60, zikiachana milimita 3, mita moja ya mraba huhitaji kilo 4 hadi 5 hivi, kwa hiyo mifuko 9 au 10 ingetosha. Mpe fundi wako hesabu hiyo kabla ya kumsikiliza mwenye duka.

Dalili nyingine nilizipuuza kwa haraka ya kumaliza kazi kabla ya mvua. Mifuko ilikuwa imeshonwa kwa mkono kwa uzi wa viroba, haikuwa na maelekezo ya matumizi wala namba ya toleo, na dereva wa kirikuu aliyeileta hakujua duka liko wapi. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, niliahidiwa "kesho", na fedha zilitumwa kwa namba ya simu yenye jina lisilofanana na la biashara. Bila risiti nimepata tabu kubwa kuthibitisha manunuzi, hata nilipopeleka malalamiko Tume ya Ushindani. Kilichonisaidia ni ujumbe wa muamala na mifuko yenyewe, kwa hiyo aliyekwisha kuuziwa asiitupe.

Kwa ua wa kutembelea tu, nimejifunza kwa gharama, gundi haikuwa lazima. Sasa ninakwangua nafasi zote na kuzijaza mchanga wa mto uliooshwa, ukaanikwa juani siku 3 na kuchekechwa kwa wavu wa mbu wa dirishani, na nitauongeza tena baada ya masika. Muuzaji amebadilisha jina la ukurasa wake, lakini picha ya mfuko wa bluu anaitumia ile ile.